Siku Niliyoifuta Kamusi ya Mwalimu Righa

Mkinipita hapa Mbololo nikiwa nje nachambua kunde, hamwezi kudhani kwamba miaka michache tu iliyopita watu walikuwa wakinipangia foleni. Nilikuwa na duka la kupiga chapa mjini Voi, hatua chache kutoka sokoni. Niliandika barua za kuomba kazi, nikachapa mipango ya harusi na ya mazishi, nikapiga picha za pasipoti, nikaweka laminesheni kwenye vyeti ambavyo baadaye wenyewe waliambiwa ofisini kwamba havikufaa kuwekwa laminesheni. Jina langu ni Mkawasi, lakini mjini niliitwa Mama Kompyuta, na sikulikataa.

Sasa nyinyi vijana mnaofungua vibanda vyenu mnakuja kuniuliza siri ya kazi. Siri ya kwanza ni vumbi. Vumbi la Voi huingia kwenye kompyuta kabla mteja hajaingia dukani. Ifungueni mashine kila mwezi, mpulize, na mnapopuliza mshike feni kwa kidole isizunguke ovyo ikaharibika. Siri ya pili ni ndefu kidogo, na inaniaibisha, kwa hiyo kaeni.

Wakati ninaanza, kuwa mtaalamu wa kompyuta Voi kulimaanisha kitu kimoja: kuwa na mkoba wa sidii. Mimi nilikuwa nao, mweusi, wa zipu. Ndani yake kulikuwa na programu za kampuni kubwa za ng'ambo, zote zimenakiliwa, zote zimevunjwa kufuli. Namba ya kuzifungulia, herufi na tarakimu ishirini na tano, niliijua kwa moyo kuliko Zaburi ya ishirini na tatu. Hatukuuita wizi. Tuliita "kuweka programu." Mteja akiniuliza, "Mama, hii ni orijino?" nilimjibu, "Orijino kabisa." Na kwa kweli sikuona kama nadanganya sana, maana ilikuwa ileile niliyomwekea kila mtu.

Mwalimu Righa nilimjua kwa sababu ya mazishi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mrefu, wa kusema polepole kama bado anawasomea watoto imla. Familia moja ya ukoo wao iliniletea mpango wa mazishi niuchape. Nilikuwa na haraka, na programu ilikuwa imechora mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, maana ilijua Kiingereza tu. Mistari ile iliniudhi. Nikabonyeza kitufe cha kusahihisha yote kwa mkupuo, nikachapa nakala mia mbili, nikaendelea na kazi nyingine.

Mashine ilikuwa imelitazama neno "marehemu," haikulijua, ikatafuta neno la Kiingereza linalofanana nalo. Kwa hiyo kwenye jalada, chini ya picha ya mzee wa watu akiwa amevaa tai, palisomeka: "Mayhem Mzee Jonathan," na mayhem kwa Kiingereza ni vurugu. Na ndani vivyo hivyo, kila mahali. Mayhem alizaliwa. Mayhem aliokoka. Mayhem ameacha mjane na watoto saba.

Mwalimu Righa ndiye aliyepewa kusoma wasifu. Alisoma mwanzo hadi mwisho akitamka "marehemu" pasipo kutikisika, huku vijana waliojua Kiingereza wakijifunika nyuso kwa karatasi zilezile. Kesho yake alikuja dukani kwangu.

"Mama, mashine yako haijui Kiswahili," alisema.

"Haijui, Mwalimu. Nisamehe."

"Na Kidawida je?"

"Hicho ndicho haijapata hata kukisikia."

Akasema, "Basi inafaa ifundishwe."

Ndipo akaniambia kuhusu kamusi yake. Alikuwa na madaftari ya maneno ya Kidawida, lugha yetu ya Taita, aliyoyaokota kwa wazee wa milimani, na alitaka kuyaingiza kwenye kompyuta kabla mchwa hawajayapata. Watoto wake walikuwa wamemnunulia laptopu. Aliiweka mezani pangu, akauliza swali aliloliuliza kila mtu, ila yeye aliniangalia usoni.

"Programu utakayoniwekea, ni halali?"

"Ni orijino, Mwalimu."

Alinishukuru, akaenda zake. Kwa miaka sita aliandika. Alipanda Mbololo, akashuka Marungu kwa wafugaji, akarudi na maneno, akayapanga kwa mafungu: mwili, ukoo, jikoni, mifugo, mvua na ukungu. Kila alipokwama alikuja kwangu, nami nilimsaidia, nikajiona mshirika wa jambo kubwa.

Siku ya aibu ilikuwa siku ya semina ya wazee wa kanisa. Mwalimu alipewa somo, na somo lenyewe lilikuwa uaminifu katika mambo madogo. Alileta laptopu na projekta ili mistari ya Biblia ionekane ukutani. Mimi nilikuwa nyuma pale, na chai na mandazi ya akina mama. Katikati ya somo, ukuta uligeuka mweusi. Maandishi yakatokea, makubwa, ya kusomeka hadi mlangoni: nakala hii ya programu si halali, huenda umeuziwa bidhaa bandia.

Ukumbi wote ulisoma. Mzee mmoja, wa wale wanaoombea ajali za wenzao, akauliza kwa upole wa uongo, "Mwalimu, hiyo ni sehemu ya somo?"

Mwingine akauliza, "Nani alikuwekea kitu cha wizi?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilitaka sakafu ifunguke inimeze nalo.

Mwalimu alitazama ukuta. Hakugeuka nyuma nilikokuwa. Akasema, "Ni mimi niliyeikubali," akazima projekta, akamalizia somo kwa kusoma kwenye Biblia ya karatasi.

Kesho yake alikuja. Hakufoka. Ningeshukuru kama angefoka.

"Mkawasi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tupu, "nitafutie kitu halali. Kama hakipo ninachoweza kukimudu, nirudishe kwenye taipureta."

Sikujua pa kuanzia. Nilikwenda kwa Bwana Salim. Huyu alikuwa mzee wa asili ya Mombasa, amestaafu ufundi wa mitambo ya simu, akawa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni ya zamani. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu kuliko zote mjini, na nilikuwa nimeicheka miaka mingi kwa sababu ilitumia programu za bure. Niliamini kwamba kitu cha bure ni kibovu, mimi niliyekuwa nikitumia vya kuibiwa.

"Hizo zaitwa programu huria, mwanangu," aliniambia akipuliza kahawa yake. "Ni kama mapishi. Mtu kaandika namna ya kupika pilau, kaibandika mlangoni pake, kasema: pika, uza, ongeza iliki ukipenda. Ila ukimpa mwenzio pilau, usimfiche mapishi."

"Na yeye anapata nini?"

"Ala pilau nzuri kila aendako."

Alinionyesha. Kwa kuandikia kulikuwa na LibreOffice, ambayo ilifungua mafaili ya zamani ya Mwalimu. Kulikuwa na programu ya kuangalia video, ya kusafisha picha, na chini yake mfumo wa Linux wa kuendesha mashine nzima badala ya ule wa wizi. Alinipa fleshi na maagizo mawili. La kwanza: nakili mafaili yote ya Mwalimu kwenye diski ya pembeni kabla ya kugusa chochote. La pili: washa mfumo mpya kutoka kwenye fleshi uujaribu kwanza, maana unaweza kufanya kazi humo humo bila kuingia kwenye laptopu.

Nililishika agizo la pili. Niliujaribu mfumo, nikafurahi sana: hata sauti ilitoka. La kwanza nilijiambia nitalifanya nikimaliza. Ninyi mnaocheka, subirini zamu yenu.

Nikafika mahali mfumo unapouliza uwekwe vipi. Chaguo moja lilisema ukae kando ya ule wa zamani. Jingine lilisema ufute diski nzima. Mimi nilipoona neno la kufuta nilifikiria ule ukuta mweusi wa kanisani, nikaona hapa ndipo aibu inapofutwa. Nikabonyeza. Mashine, kwa adabu zake, ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Halafu, kwa kutaka kumfurahisha Mwalimu, nilishinda siku mbili nikiipamba ile laptopu. Nikamwekea picha ya kilima cha Mbololo. Nikamwekea nyimbo za kwaya za video, kwaya baada ya kwaya. Alipokuja kuichukua alitabasamu.

"Inapendeza," alisema. "Kamusi iko wapi?"

Nilifungua folda. Tupu. Nikafungua nyingine.

Katika kazi yetu kuna kiumbe aliyebeba lawama zetu zote, jina lake kirusi. Mteja akipoteza kitu, ni kirusi. Hata umeme uliokatika siku ndovu walipoangusha nguzo, mteja mmoja nilimwambia ni kirusi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilimwona akilini akiwa mbele ya ule ukuta wa kanisani, mgongo wake ukiwa umenielekea, akisema ni yeye aliyeikubali.

"Nimeifuta, Mwalimu," nilisema. "Si kirusi. Ni mimi. Niliambiwa ninakili kwanza, sikunakili. Na ile programu ya kwanza pia nilikudanganya. Nilijua ni ya wizi."

Alivuta kiti akaketi. Akaomba maji. Nilimpa, akayashika bila kunywa.

"Miaka sita," alisema. "Baadhi ya walionipa maneno hayo tumeshawazika."

"Na madaftari?"

"Mchwa," alisema. "Niliyaacha stoo, si nilikuwa na kompyuta?"

Tulikwenda wote kwa Bwana Salim. Nadhani mtu akituona tukivuka barabara angedhani tunapeleka mgonjwa. Salim aliitazama laptopu, hakuiwasha.

"Tangu uifute, umeiwasha?"

"Siku mbili mfululizo."

"Wafanya nini?"

"Nilikuwa namwekea kwaya."

"Kwaya ngapi?"

"Zote."

Alifumba macho. "Mwanangu, sikiliza. Kufuta si kuchoma. Mashine yatoa jina la faili tu kwenye daftari lake, maneno yenyewe yabaki pale pale chini. Lakini ukiweka kitu kipya, chaketi juu yake. Kila kwaya uliyoweka imeketi juu ya maneno ya Mwalimu."

Haya ndiyo mtakayobeba hata mkisahau mengine: faili likipotea, ondoeni mikono. Zimeni mashine. Msitafutie mle mle, msiweke programu mle mle. Salim aliichomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake ile niliyoicheka, akaweka kazini programu inayoitwa PhotoRec. Nayo ni ya bure. Inapita diski nzima inchi kwa inchi, ikiokota kila kinachofanana na faili, na inachookota inakiweka kwenye diski nyingine. Ubaya wake ni mmoja: majina hayarudi. Tulipata maelfu ya mafaili, kila moja likiitwa kwa tarakimu kama mahabusu.

Kwa wiki kadhaa Mwalimu alikuja dukani kila mchana akaketi karibu yangu, tukayafungua moja moja. Rasimu, nakala za rasimu, hotuba ya harusi, barua kali kwa shemeji yake ambayo hakuwahi kuituma.

"Hiyo irudishe kaburini," alisema.

Na katikati ya takataka hizo, kamusi ikawa inarudi. Fungu la mwili likapatikana lote. Ukoo, lote. Mifugo, sehemu kubwa. Kila fungu liliporudi Mwalimu alilisoma kwa sauti, na wateja wangu waliosubiri fotokopi wakawa wanamsahihisha matamshi. Lakini fungu la jikoni lilirudi nusu, na la mvua na ukungu halikurudi kabisa. Juu ya maneno hayo, kwaya zilikuwa zimeketi.

"Tutapanda tena," Mwalimu alisema. "Na wewe utakuja."

Nilifunga duka siku za Jumanne na Alhamisi. Tulianzia kwa Mama Wakesho, hapa juu Mbololo, bibi wa miaka themanini na zaidi aliyekuwa akipukuchua mahindi. Alimtambua Mwalimu mara moja. Alisema kwa Kidawida, nami nawapa kwa Kiswahili.

"Si ulikuja nikakupa maneno ya ukungu? Umeyapeleka wapi?"

Mwalimu akaninyooshea kidole. "Muulize huyu."

"Umeyapeleka wapi, binti?"

"Nimeyafuta, mama."

"Umeyafuta na nini?"

"Na kompyuta."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mimi nimeyaweka hapa tangu utoto," alisema akigusa kilemba, "wala hayakufutika."

Akayatoa upya. Ukungu unaokaa bondeni, ukungu unaopanda, ukungu unaolowesha nguo bila mvua. Mwalimu akaandika kwenye daftari, nami kwenye laptopu, na nikanakili kwenye fleshi mbili palepale mbele yake. Alipomaliza fungu hilo, Mama Wakesho alimwambia Mwalimu, "Sasa toka nje kidogo ukaangalie mbuzi."

Mwalimu akatoka. Bibi akanisogelea, akaanza kunipa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia tangu nyanya yangu alipofariki. Ya uzazi, ya maziwa ya mama yanapochelewa, ya maumivu ya kila mwezi, ya mume anapokuwa mgumu na mke anapomzunguka kwa akili. Maneno ya jikoni pia, yale ambayo mwanaume hawezi kuuliza kwa sababu hajui kwamba yapo.

"Mbona haya hukumpa Mwalimu mara ile?" nilimuuliza.

"Alikuja peke yake," alisema. "Ningemwambiaje mwanaume?"

Ikawa vivyo hivyo Marungu, na kila tulikofika. Mwalimu alipewa mbuzi wa kuangalia, mimi nikapewa maneno. Ilituchukua karibu mwaka.

Katikati ya hayo niliuchoma mkoba wangu wa sidii. Moshi wake unanuka vibaya. Msiige, zipelekeni kwa wanaokusanya taka. Dukani nikaanza kuwawekea watu programu huria, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi ukweli ulivyo mgumu kuuza. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka aliniinamia sikioni, akaninong'oneza, "Mama, niwekee hiyo LibreOffice, lakini ile iliyovunjwa kufuli."

"Haina kufuli, ndugu yangu. Ni ya bure."

"Naelewa," alisema akikonyeza jicho. "Lakini kwangu mimi mteja wa siku nyingi, niwekee ile yenyewe."

Niliinama chini ya meza, nikahesabu hadi kumi, nikainuka, nikamwekea ileile. Aliondoka ameridhika sana.

Wala msidhani ni muujiza. Mtu akikuletea fomu iliyoandikwa kwa programu nyingine, jedwali linaweza kukimbilia ukurasa wa pili na saini ikabaki peke yake kama mjane. Wekeni fonti zinazofanana. Hati ya kusoma tu, ipelekeni ikiwa PDF. Na kila kazi ya mteja iwe mahali pawili, nakala moja ikiwa nje ya duka.

Kamusi ilipokamilika tuliyaingiza maneno yote kwenye orodha ya tahajia ya ile programu. Mwalimu alifungua ukurasa wa Kidawida kitupu. Ule utando wa mistari myekundu tuliouzoea haukuwepo, hata mstari mmoja. Aliupandisha ukurasa, akaushusha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Imefundishika," alisema.

Kitabu kilichapwa nakala chache, na faili lake akaliacha wazi kwa yeyote. Mbele aliandika ruhusa: nakili, sahihisha, ongeza, mpe jirani, ila usimzuie na yeye kufanya hivyo. Bwana Salim alipoisoma ruhusa hiyo alisema imekosa iliki tu.

Mwalimu aliniletea nakala yangu mwenyewe, siku ambayo nilikuwa nafunga duka kwa mara ya mwisho ili nirudi hapa Mbololo, akaondoka bila kusema mengi. Niliufungua ukurasa wa shukrani nikiwa nimesimama mlangoni. Watoto wake walitajwa, Mama Wakesho alitajwa, Bwana Salim pia. Mwishoni palikuwa na mstari wangu:

"Namshukuru Mama Mkawasi, ambaye bila yeye kazi hii ingekwisha mwaka mmoja mapema, ikiwa na maneno pungufu."